Karatasi Hupanda, Haishuki

Ninasimamia ufungashaji katika kiwanda cha unga wa mahindi hapa Lubumbashi, na jambo ninaloliandika leo limenikaa moyoni tangu majira ya mvua yaliyopita. Malori yetu yalikwama siku nyingi kwenye mpaka wa Kasumbalesa, kati ya Kongo na Zambia, maturubai yakavuja, na shehena ilipofika, maabara ilipima unyevu ikakuta umepita asilimia 14, kiwango ambacho hatutaki kivukwe kwa nafaka ya kuwekwa ghalani. Mpimaji aliandika ripoti yake kwa Kifaransa safi, akaipeleka kwenye ofisi ya uongozi kama utaratibu ulivyomtaka. Fundi wa vinu hakuambiwa neno.

Kabla ya kukobolewa, mahindi hutiwa maji kidogo na kuachwa yatulie, ili ganda lilainike na kubanduka kwa urahisi; kiasi cha maji hayo hutegemea unyevu uliomo tayari ndani ya punje. Fundi wa zamu ya usiku alitia maji yaleyale ya kila siku. Kulipokucha chekeche zilikuwa zimeziba, unga unatoka mzito na wenye kushikamana, na sisi wa ufungashaji, tusiojua kilichotangulia, tukaujaza kwenye mifuko ya kilo 25 na kuishona. Baada ya muda akina mama wauzao sokoni wakaanza kuirudisha mifuko hiyo ikinuka uvundo. Unga wa bukari, yaani ugali, ndio chakula cha nyumba zetu, kwa hiyo sikuweza kuliona jambo hilo kama hasara ya fedha tu.

Nilimwendea yule fundi, ambaye amenizidi umri kwa mbali, nikamuuliza: "Papa, ile karatasi ya maabara haikukufikia?" Akanijibu bila hasira: "Mwanangu, hapa karatasi hupanda, haishuki."

Kila idara iliandika kwa ajili ya wakubwa, kwa lugha ya wakubwa, na habari iliyopaswa kutoka mlango wa maabara hadi kwenye vinu, umbali wa hatua chache, ilipandishwa ngazi ikabaki huko juu. Kundi la WhatsApp nalo halikutusaidia, kwa sababu kipimo cha unyevu kiliingia katikati ya salamu na matangazo ya misiba, na mtu ambaye mikono yake imejaa unga hashiki simu.

Tulichokifanya tulikiazima Japani. Katika viwanda vya magari vya Toyota, mhandisi Taiichi Ohno alianzisha utaratibu wa kadi ziitwazo kanban, ambapo kadi husafiri na bidhaa yenyewe, kisha hurudishwa kumwambia mfanyakazi wa hatua iliyotangulia kinachohitajika. Sisi tuliichukua fikra ya habari kusafiri pamoja na mali: kila rundo la mahindi sasa lina kadi iliyofungwa kwa kamba, imeandikwa kwa Kiswahili tarehe ya kupokelewa, lori, kipimo cha unyevu na sahihi ya mpimaji, na rundo lisilo na kadi haliingii vinuni. Wapo waliosema kwamba Kiswahili hakitoshi kwa mambo ya ufundi. Siwaungi mkono hata kidogo, maana mashine inapoharibika usiku mafundi huitengeneza kwa Kiswahili.

Tena, saa kumi na mbili asubuhi, zamu inayotoka na inayoingia husimama pamoja mbele ya ubao kwa dakika kumi, na anayeanza kusema ni fundi wa vinu, si mkuu wa idara.

Idara iliyobaki ni ya mauzo. Ofisi yao iko mbali na kiwanda, na wao ndio wa kwanza kuyasikia malalamiko ya wateja, ambayo hadi leo hutufikia mwisho wa mwezi yakiwa tarakimu tupu. Nimeomba mmoja wao awe anakuja ubaoni kila Jumatatu na mfuko wenyewe uliorudishwa, ili fundi aushike unga ule kwa mkono wake. Jibu ninalingojea.