Majina Kumi na Moja

Usiku ule wa Mei 2016, wiki chache kabla ya Ramadhani, mvua ya masika ilikatika baada ya sala ya Isha, na watu wa baraza letu la kahawa huku Ngamiani, mjini Tanga, wakatoka majumbani mmoja mmoja, wakaketi bila maneno mengi, kama watu waliofika matangani. Ligi Kuu ilikuwa imekwisha na Coastal Union, timu yetu ya mpira tunayoiita Wagosi wa Kaya, ilikuwa imeshuka daraja. Wala haikushuka peke yake. African Sports, mahasimu wetu wa tangu enzi za babu zetu, walishuka msimu uleule, na Mgambo nao wakashuka, hivyo mkoa wa Tanga uliokuwa na timu tatu katika ligi ukabaki hauna hata moja. Kilichotuuma zaidi ni kwamba mwezi mmoja tu kabla ya hapo timu yetu hiyohiyo ilikuwa imefika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, lile la hapa nchini, na kuikaribisha Yanga katika uwanja wa Mkwakwani. Tulijiuliza ni timu ya namna gani hii, inayoweza kufika huko na bado ikashindwa kujinusuru katika ligi.

Aliyeanza kusema alikuwa ami yangu, mdogo wa marehemu baba, fundi cherehani ambaye kwa miaka mingi alishona bendera nyekundu na nyeupe bila kumtoza mtu hata senti. Ami aliamini kwamba tumeshuka kwa sababu tumeacha kucheza mpira wetu. Mpira wa Tanga, alisema, ni wa chini, wa pasi fupi, na sababu yake iko mbele ya macho ya kila mtu: mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa barabara zenye namba, zilizonyooka, nyumba zimetazamana, na mtoto aliyepiga mpira juu alivunja kioo cha jirani au aliumwaga mchuzi wa mama ntilie. Kwa hiyo mtoto alijifunza kuutuliza mpira, kuulaza na kuupitisha katikati ya miguu ya watu. Watoto hao ndio waliokua wakavaa jezi ya Coastal, na ndio walioleta ubingwa wa 1988. "Leo tunabutua," alisema kwa uchungu. "Kipa anabutua, beki anabutua, kiungo anautazama mpira ukipita juu ya kichwa chake kama anayetazama ndege. Huo si mpira wa Wagosi wa Kaya."

Nilikuwa upande wake moyoni. Nililelewa na maneno hayo, na ninajua watu wengi wa rika langu hapa Tanga walilelewa nayo pia.

Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandari, mkubwa kwa ami kwa miaka kama kumi, aliweka kikombe chake chini. "Mgosi," alimwambia, "mwaka 1988 mimi na wewe tulikaa jukwaa moja, lakini naona tulitazama timu mbili tofauti." Kisha akaanza kuieleza timu yake. Timu yake haikuwa ya madaha. Ilikuwa timu ngumu, iliyokaba kwa pamoja, iliyokubali kuteseka dakika themanini na kuutafuta ushindi katika kumi za mwisho. Alisema watu hukumbuka chenga kwa sababu chenga hupendeza kusimulia, lakini hakuna anayemsimulia mjukuu wake habari za beki aliyesimama mahali panapostahili. Akamwomba ami amtajie kikosi cha mwaka ule. Ami alianza bila kusita: "Golini Mohamed Mwameja." Mzee akainua mkono. "Umesikia mwenyewe? Timu ya pasi fupi, na jina la kwanza kukujia ni la kipa." Ami alimjibu kwamba kikosi chochote duniani huanza kutajwa kwa kipa, na hilo lilikuwa jibu la haki. Hata hivyo aliendelea na orodha yake hadi mbele, hadi kwa Juma Mgunda, na kila jina alilitia nyama: huyu alipenda kuingia ndani akitokea kulia, yule hakuwahi kulalamika kwa mwamuzi.

Walinigeukia mimi niamue, kwa kuwa nilikuwepo. Ni kweli nilikuwepo, nikiwa na miaka minane, na ni ami mwenyewe aliyenishika mkono kunipeleka Mkwakwani. Lakini ninachokikumbuka ni migongo ya watu wazima, harufu ya machungwa yaliyomenywa, na jinsi ardhi ilivyotikisika kila upande ule wa uwanja ulipopiga kelele. Mpira wenyewe sikuuona. Mtindo niliokuwa tayari kuutetea usiku ule niliusikia tu, nyumbani, kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akisubiri ushahidi wangu. Niliwaambia hivyo, na ami alinitazama kwa namna iliyonihuzunisha, kama kwamba nilikuwa nimemsaliti mbele za watu.

Ndipo kijana mmoja dereva wa bodaboda, ambaye 1988 alikuwa bado hajazaliwa, akauliza swali ambalo sijalisahau. Alianza kwa heshima, akaomba radhi kwa wazee, akasema kwamba kikosi cha miaka ishirini na minane iliyopita amekisikia chote na amefurahi, lakini angependa kusikia na kikosi kilichocheza mechi ya mwisho, ile ya juzi.

Ami alianza. Alitaja kipa, akataja mabeki wawili, akataja mshambuliaji, akatafuta viungo. Alifika majina sita akanyamaza. Mzee wa bandari alijaribu kumsaidia, akaongeza moja, kisha akalitilia shaka. Mimi niliyekuwa nikienda uwanjani karibu kila mechi ya nyumbani niliwajua wengine kwa namba zao za mgongoni tu. Muuza kahawa alipita na birika lake akitujazia vikombe, na hakuna aliyemwambia basi.

Sitaki kueleweka vibaya juu ya usiku ule. Hakuna aliyesema wachezaji waliotoka mbali ndio waliotuponza, na mimi nisingekubaliana na mtu wa kusema hivyo, kwa sababu mchezaji aliyetoka Kigoma au Kameruni hutoka jasho lilelile. Ila wengi walifika na kuondoka kabla mtaa haujajifunza majina yao. Wazee wale walibishana kama timu ya 1988 ilipiga pasi fupi au ilikaba, na hawakuafikiana mpaka tulipoagana, lakini jambo moja hawakulibishania: walijua kila mchezaji anakaa nyumba ipi, walimsalimu mama yake sokoni, na timu ilipofungwa walijua ni mlango gani wa kwenda kugonga kutoa pole. Nilipokuwa ninarudi nyumbani nikikwepa madimbwi, ami akiwa mbele yangu na tochi, nilitambua kwamba mwaka mzima nilikuwa nimelalamikia pasi ndefu, na sikuwa nimewahi kumsalimu hata kiungo mmoja.

Coastal ilirudi Ligi Kuu mwaka 2018, na aliyekuwa akiiongoza kutoka kwenye benchi la ufundi alikuwa Juma Mgunda yuleyule wa orodha ya ami. Mwaka 2020 Bakari Mwamnyeto alitoka kwetu akahamia Yanga, na baraza zima lilihuzunika kama watu walioozesha binti.

Tarehe 2 Julai 2022 tulicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Yanga, uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha. Tulikusanyika palepale barazani mbele ya televisheni ya jirani. Abdul Suleiman Sopu alifunga mabao matatu, mechi ikaisha tatu kwa tatu, tukashindwa kwa mikwaju ya penalti. Watu walipoanza kutawanyika, ami alimgeukia mzee wa bandari, akaanza kukitaja kikosi kuanzia golini, polepole, akihesabu kwa vidole. Alifika tisa akakwama. Mzee alimalizia wawili waliobaki.