Jeli ya kucha haikauki jamani, inaivishwa

Juzi mteja kaingiza mkono kwenye taa ya kuivishia jeli, sekunde tano hazijaisha kauchomoa, "Dada unaniunguza!" Kosa langu. Nilimpaka jeli ya kujengea nene mara moja tu, yeye ana haraka na mi nikajitia haraka kumshinda. Lile joto si la taa, linatoka kwenye jeli yenyewe, molekuli zake zikishikana zinatoa joto, sasa ukiweka rundo zinashikana zote kwa mpigo, lazima mtu aruke.

Rangi ya kawaida inakauka maana kile kinachonuka kinapaa hewani. Jeli haikauki hivo, humo ndani kuna kikemikali kidogo kinaitwa fotoinisheta, kikipigwa na mwanga kinavunjika na kuwaamsha wenzake washikane. Bila hicho utakaa na mkono kwenye taa mpaka alfajiri na jeli yako bado uji. Kilichotumika sana ni TPO, maana kinaelewana na mwanga wa nanomita 405 wa hizi taa za LED, ila Ulaya wamekipiga marufuku kwenye vipodozi tangu 1 Septemba 2025 kwa hofu kwamba kinaweza kudhuru uzazi (majaribio yalikuwa ya wanyama). Huku kwetu kuna chupa za bei chee hata lebo haisomeki, ntajuaje kina nini?

Afu kuna ule unato unaobaki juu ukitoa mkono kwenye taa. Wateja wanaugusa wanasema haijaiva. Imeiva, ni oksijeni ya hewani tu inawahi kuzidaka zile molekuli zilizoamshwa kabla hazijashikana, kwahiyo juu kabisa panabaki kijeli kibichi chembamba. Futa kwa spiriti, na usikiguse kwa ngozi, mana jeli mbichi ndo inayoleta mwasho na vipele, hasa zenye kikemikali kinaitwa HEMA. Mi mwenyewe nilikuwa nafuta kwa kidole, kidole kikaanza kumenyuka ka kitunguu.

Nyeusi ndo inanitesa kuliko zote, ile rangi inameza mwanga juu, chini kunabaki kubichi, siku tatu kucha inabanduka nzima nzima halafu lawama kwa fundi.

Yule dada nikampaka upya, safari hii koti tatu nyembamba, kila moja na zamu yake ndani ya taa. Akasinzia.