Kukata mti msitu wa serikali, na karatasi mfukoni

Kwetu Nyandarua mti wa Krismasi haukununuliwa. Siku mbili kabla ya sikukuu baba alichukua panga, akakata tawi la saiprasi kwenye ua, tukalisimamisha ndani ya debe la mchanga na kulirushia pamba iwe theluji, ingawa theluji hakuna aliyewahi kuiona. Ng'ambo ya barabara ulikuwa msitu wa serikali wenye miti mizuri kuliko tawi letu mara kumi, lakini huko huingii na panga. Askari wa misitu akikukuta, panga linakwenda, na pengine nawe unakwenda nalo.

Ndiyo maana mtu wa kazini hapa Denver aliponiambia kwamba yeye hukata mti wake msitu wa taifa kila Desemba, nilidhani ananitania.

Kumbe ni kweli. Unaingia Recreation.gov, tovuti ya serikali, unachagua msitu, unalipa, unachapisha kibali. Huko tulikotaka kwenda bei ilikuwa dola 20 kwa mti. Sisi tulilipa dola 2.50 tu, ada ya mtandao, kwa sababu kijana wetu yuko darasa la nne. Watoto wa darasa hilo hupewa pasi iitwayo Every Kid Outdoors ya kuingia mbuga za taifa bure, na ndani yake mna kibali kimoja cha mti wa Krismasi. Mwenye mtoto wa darasa la nne asiiache. Mwaka ukipita umepita. Vibali huisha pia, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho.

Tulikwenda upande wa Fraser, msitu wa Arapaho, na jirani yetu mmoja wa Goma ambaye amekaa Colorado miaka mingi na anajua kuendesha gari kwenye theluji. Mimi sijui, na sioni haya kusema. Denver wanajisifu kuishi maili moja juu ya bahari (Nairobi iko juu zaidi, lakini nani atawaambia?), ila kufika Fraser unapanda Berthoud Pass, zaidi ya mita 3,400, na kona zake si za kujifunzia. Sheria ya huku inadai tairi zenye meno ya kutosha. Zangu zilikuwa kipara kidogo, ndiyo maana tulitumia gari lake.

Simu zilikata mtandao kabla hatujafika. Bahati nzuri kibali kilikuwa kimechapishwa, tukakiweka mbele ya kioo kionekane, na ramani nilikuwa nimeipakua usiku. Ramani ni muhimu kuliko msumeno: ardhi ya watu binafsi imepakana na ya serikali, na mti haukuambii ni wa nani.

Tuliacha barabara, tukaingia msituni, theluji ikatufika magotini. Misonobari ya huko, lodgepole, huota imebanana kama abiria wa matatu ya jioni. Katikati yake ilisimama mingine ya kijivu, imekufa kwa kuliwa na mbawakawa. Ndipo nikaelewa kwa nini wanatuuzia vibali. Moto wa misitu umezimwa kwa miongo mingi, miti midogo ikasongamana, na ukame ukija hiyo yote ni kuni. Wilaya ya Grand, ambamo Fraser imo, iliungua vibaya Oktoba 2020 katika moto wa East Troublesome.

Hata hivyo, nilipopiga magoti na msumeno nikajikuta nageuka nyuma kutazama kama kuna mtu anakuja. Jirani akacheka. "Ndugu, karatasi si uko nayo? Kwetu Virunga ukikamatwa unachoma makala, hapo ndiyo uogope." Makala kwao ni makaa, na Virunga ni mbuga ya taifa ya kwao Kongo.

Nikaanza kukata pale theluji ilipoishia. Akanishika mkono: kisiki kisizidi inchi sita kutoka ardhini, si kutoka juu ya theluji! Basi tukachimba kwa mikono, mimi na kijana, kama mbwa wanaotafuta mfupa. Matawi ya chini yalikuwa yameganda ndani ya barafu, ikabidi tuyang'oe moja moja. Upana wa shina tukaupima kwa futi kamba, inchi nne na nusu; mwisho ni sita. Msumeno ulikwenda vizuri hadi katikati, kisha utomvu ukaunata ukagoma. Kijana akausukuma mti upande wa pili, mwanya ukafunguka, nikamalizia. Harufu iliyotoka pale sikuitarajia. Ilikuwa harufu ya ua wa baba.

Juu ya gari mti unalazwa shina likitazama mbele, la sivyo upepo unakunja matawi yote.

Msituni mti ulionekana mdogo, wa kuonea huruma. Sebuleni uligusa dari ukapinda ncha. Mama watoto alitazama, hakusema kitu, akaleta msumeno. Nikapunguza chini, jambo lililotakiwa kufanywa vyovyote, maana utomvu huziba pale ulipokatwa na mti haunywi tena. Siku ya kwanza ulikunywa karibu lita nne. Nilidhani ndoo inavuja.

Jioni tukampigia mama kwa video. Akautazama mti kimya.

"Huo mmeutoa wapi?"

"Msitu wa serikali, mama."

"Msitu wa serikali! Nani amewaruhusu?"

Kijana akakimbia kuleta kibali, akakishika mbele ya kamera juu chini. Bibi yake akasogeza uso karibu, akavaa miwani, akakitazama muda mrefu kama anayekagua hati ya shamba.

"Sawa," akasema. "Na mmepanda mingapi?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nitampigia kesho.