Bega la Ka-aper

Nilikuwa mwanafunzi wa Al-Azhar mwaka ule baba alipopitia Cairo akitoka Umra. Nikampeleka makumbusho ya Tahrir. Mafarao wa mawe aliwapita na "mashallah" moja moja. Baba ni fundi wa milango ya nakshi Unguja, jiwe halimhusu.

Kwa Ka-aper, sanamu ya mbao ya Mmisri wa kale, ndipo aliposimama.

Watu wengi humwanza kwa macho, na wana haki. Ni mawe meupe na maangavu yaliyozungushiwa shaba, na ukiyatazama unaona haya, kama umemkodolea mtu mzima. Wafanyakazi wa Mariette, mwanaakiolojia Mfaransa, walipomfukua Saqqara, kwenye makaburi ya kale karibu na Cairo, mwaka 1860 walimwita Sheikh al-Balad papo hapo, maana kitambi kile na mashavu yale yalikuwa ya mkuu wa kijiji chao hasa. Kumbe ni kuhani wa miaka 4,500 iliyopita.

Baba alitazama bega. Aliinama, mikono nyuma kwa kuwa kugusa ni marufuku, nikaona kidole gumba chake kinasuguasugua hewa, vile anavyopima kiungo cha mlango nyumbani.

"Mkono huu umeungwa," akanong'ona.

Kweli. Mikono ilichongwa mbali ikapachikwa. Zamani mwili wote ulisiribwa plasta na kupakwa rangi, maungio yasionekane. Plasta imebanduka, kazi ya fundi iko nje.

"Mti gani?"

"Jummayz, baba. Mkuyu."

Alinigeukia kama niliyemdanganya. Mkuyu! Kwake huo ni mti wa mizinga ya nyuki. Karakanani kwake huingia msaji na mfenesi. "Mkuyu huliwa na dudu kabla fundi hajalipwa," ndivyo alivyotufundisha tangu utotoni. Nikaanza kumweleza kwamba Misri ilikuwa na uhaba wa mbao nzuri, hata mierezi ikaletwa kwa jahazi kutoka Lebanoni, na kwamba mchanga mkavu wa Saqqara haulishi dudu. Hakunisikiliza. Alikuwa ameshafika miguuni.

"Huku chini si fundi yule."

Sawa tena: miguu kule chini, pamoja na fimbo aliyoshika, vimetengenezwa upya zama zetu. Hakuna aliyemwambia.

Tulikaa pale hadi mlinzi alipotuomba tutoke. Njiani baba hakusema neno.

Miezi miwili baadaye mdogo wangu akanipigia simu: baba kaleta gogo la mkuyu uani, na mama anauliza ni la nini.