Kibao cha duka la Ami: kumbukumbu za mradi tangu msumari wa kwanza

12 Januari

Leo nimeteremsha bango nililolipandisha kwa mikono yangu Ijumaa iliyopita. Siku nne tu limeishi.

Ami yangu anauza kofia hapa Amu, yaani Lamu, kwenye Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani inayokwenda sambamba na ufuo. Duka ni chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa mbawa mbili, na mbele yake baraza ambayo kila alasiri huwa na wazee wengi kuliko wateja. Miaka yote hakuwa na kibao. Amtakaye huulizia, naye huonyeshwa. Mwaka huu akasema wageni wanampita tu, anataka jina la duka lionekane. Mimi huchonga mbao siku nisizokuwa kazini, lakini nilikuwa na haraka, nikaagiza bango la plastiki Mombasa: mita mbili kwa moja, herufi nyekundu juu ya manjano, taa za LED pembeni pote. Nikalipigilia kwa misumari minane ya zege.

Msumari wa tatu ulipoingia, plasta ikalia kama mkate wa ufuta unaovunjwa, kisha ikadondoka kipande cha ukubwa wa sinia, robo yake ndani ya kikombe cha chai cha Ami. Nyuma yake yakaonekana mawe ya matumbawe, meupe, yana vijitundu kama sega la nyuki, na udongo mwekundu katikati ya mawe. Nikaogopa, nikakoroga saruji, nikaziba, nikafunika yote kwa bango. Nilidhani nimemaliza.

Jumatatu akapita afisa wa hifadhi, dada mmoja mpole. Akasalimia baraza nzima kwanza, mmoja mmoja, akaulizia jamaa za kila mtu, ndipo akatazama juu. "Ami, hiki kina ruhusa?" Ami akanitazama mimi. Mimi nikatazama taa.

15 Januari

Nimekwenda ofisini kwao kusikiliza, nikarudi na kurasa tatu za maandishi yangu mwenyewe. Naandika hapa yale ambayo laiti ningeyajua kabla ya kununua misumari.

Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini ulikuwa eneo la hifadhi hata kabla ya hapo. Kinacholindwa si Ngome na misikiti peke yake. Ni sura ya mtaa mzima, na ukuta wa duka la Ami umo. Kwa hiyo kibao hapa kina milango miwili ya kubishwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka matangazo ya nje mikononi mwa kaunti. Jedwali hilohilo limeyaacha majengo na mabaki ya kale yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali ya kitaifa, na ndipo Makumbusho ya Taifa yanapoingia, chini ya sheria yao ya 2006. Kaunti inauliza unatangaza nini na wapi. Watu wa hifadhi wanauliza unaufanya nini ukuta.

Hilo la pili ndilo lililonishangaza. Nilikwenda nimejiandaa kutetea rangi na herufi. Dada yule akazipitia kwa dakika mbili, kisha akakaa nusu saa nzima kwenye misumari na ile saruji niliyoificha. Aliijua bila kuambiwa: plasta ya pembeni ilikuwa imeanza kufanya alama ya unyevu.

Alivyonieleza ni hivi. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya maji kutoka chini, na chumvi pamoja nayo, kisha zinayatoa kupitia plasta ya chokaa, ambayo ni laini na inapitisha unyevu. Ukibandika saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanazunguka na kutokea pembeni, na chumvi inakauka ndani na kuyasukuma mawe mpaka yanamumunyuka. Kiraka changu kingedumu miaka mingi, kikale ukuta uliokizunguka. Msumari wa chuma nao, kwa hewa hii ya bahari, unashika kutu, unavimba, unapasua jiwe.

Plastiki na taa hata hatukuzijadili. Aliniuliza tu: "Kaka, si wasema wewe wachonga?"

24 Januari

Mradi wenyewe ndio umeanza. Nilichora kibao cha kuning'inia, kinachotoka ukutani kwa mkono wa chuma, kama ninavyoviona kwenye picha za miji ya Ulaya. Kizuri sana kwenye karatasi.

Nikamwonyesha kijana wa jirani anayebeba mchanga kwa punda. Akacheka, akasema ngoja. Akampanda punda wake, akapita mbele ya duka, nami nikiwa na futi mkononi. Utosi wake ulifika mita 1.96, na hapo amekaa ameinama. Punda akibeba boriti za mikoko, zile ncha zinapanda na kushuka kila hatua, na zinageuka naye anapokata kona. Njia yenyewe nikitanua mikono na kupiga hatua moja naimaliza. Kibao cha kuning'inia kingevunjwa kabla ya wiki, au kingevunja mtu.

Basi kibao kitalala ukutani, juu ya kizingiti cha mlango, si kipana kuliko mlango wenyewe. Sentimita 90 kwa 28, unene 3.

2 Februari

Nimepata ubao! Mbambakofi mkavu kabisa, wa zamani, kutoka kwa muuza mbao za kubomolea. Umepakwa rangi ya kijani matabaka sijui mangapi, lakini uzito wake unajieleza. Nimelipa bila kuvutana sana, jambo ambalo Ami hajanisamehe.

4 Februari

Ubao siwezi kuutumia.

Nilianza kukwangua rangi kwa kipande cha kioo, polepole, ukingo wa kushoto. Tabaka la tatu lilipotoka, kioo kikaanza kurukaruka. Nikadhani ni misumari. Nikalowesha kitambaa, nikafuta: kumbe ni mnyororo uliochongwa, pete ndani ya pete, na juu yake duara la petali nane, limejaa rangi kama masikio yaliyozibwa. Nikaugeuza ubao upande wa pili, nikaona kwenye kichwa chake tundu la ulimi wa kuungia. Huu si ubao. Huu ni mwimo wa mlango.

Nikaufunga kwenye shuka, nikaupeleka ofisini kama mgonjwa. Kumbe sheria ya 2006 inautaja mlango waziwazi: mlango au fremu yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Muuzaji hakujua, maana naye aliununua umeshapakwa. Mimi ningeendelea na msasa wa mashine siku moja tu, ule mnyororo ungekuwa vumbi, na juu yake ningechonga herufi zangu.

Umebaki ofisini wakati wanatafuta nyumba ulikotoka. Pesa yangu imekwenda nao. Sikuidai, ingawa nilifikiria.

17 Februari

Karatasi. Sitazirefusha.

Nilichopeleka: picha ya mbele ya nyumba yote, si ya duka tu, mchoro wa kibao wenye vipimo, pamoja na urefu wake kutoka chini, kipande cha mbao kilichopakwa mafuta ili waone rangi, mchoro wa namna kitakavyoshikiliwa, na barua ya mwenye nyumba.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho. Ami ni mpangaji. Mwenye nyumba alifariki zamani, na warithi ni watano: wawili wako hapa, mmoja Mombasa, mmoja Malindi, mmoja Muscat. Wanne walikubali kwa Watsapu siku hiyohiyo. Wa tano alikubali kibao lakini akatumia nafasi hiyo kuuliza habari za paa, na ndugu zake wakamjibu, na kwa siku sita simu yangu ilikuwa uwanja wa kesi ya mirathi ambayo hainihusu ndewe wala sikio. Ukifanya mradi kama huu, anza na barua ya mwenye nyumba. Kuchonga kunaweza kusubiri.

Upande wa kaunti nilipeleka mchoro uleule pamoja na nakala ya leseni ya biashara ya Ami.

1 Machi

Tumekubaliwa, kwa masharti mawili: saruji yangu itolewe na plasta irudishwe kwa chokaa, na kibao kisitobolewe kwenye jiwe.

Ubao mpya nimeupata kwa fundi wa samani, mbambakofi tena, huu hauna historia. Baada ya kuupiga randa umenipa kilo sita na nusu kwenye mizani ya duka la mchele.

8 Machi

Maandishi ni KOFIA ZA VITO kwa herufi za Kilatini, na chini yake maneno hayohayo kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa hapa walivyoandika barua zao na tenzi zao. Ami alisisitiza. Kanikalisha kuniandikia mwenyewe kwa kalamu ya mwanzi kwenye karatasi ya kaki, akarudia mara tano mpaka tumbo la herufi ya nun lilipomridhisha. Na hakuna nun katika maneno yale, alikuwa anapasha mkono moto tu.

Kazi ikaja kwenye V. Kiarabu hakina V. Ami huiandika kwa fe yenye nukta tatu badala ya moja. Kwenye karatasi nukta tatu ni raha. Kwenye mbambakofi ni balaa. Nilitoboa ya kwanza kwa ncha ya patasi ya milimita sita, ya pili ikakaa vizuri, na nilipogonga ya tatu, kile kijiukuta cha mbao kati yake na jirani zake kikaruka. Nukta tatu zikawa shimo moja la umbo la karafuu.

Nilikaa nalitazama shimo hadi adhana ya magharibi. Asubuhi nikalichonga likawa la mraba, nikakata hasho, kiraka cha mbao, kutoka kwenye ubao uleule, nyuzi za mti zikielekea upande mmoja, nikalitia gundi na kuligonga kwa nyundo ya mti. Baada ya siku mbili nikatoboa upya, safari hii kwa keekee ya mkono, bila kugonga. Ukijua pa kuangalia utaliona. Sitasema ni wapi zaidi ya hapo.

Ushauri mmoja kwa wenzangu wa mbao ngumu: noa kabla patasi haijakuomba. Kila nilipochana nyuzi, ilikuwa ni dakika kumi baada ya kujiambia "bado kidogo".

19 Machi

Ukuta. Nilitaka uishe kabla ya masika, maana chokaa ikinyeshewa mbichi inatiririka.

Fundi mwashi, mzee wa miaka sabini na kitu, alitoa saruji yangu kwa tindo na vipigo vidogo, kama anayetoa mwiba. Chokaa aliileta imeshazimwa na kulowekwa kwenye pipa, laini kama samli. Alilowesha mawe kwanza, mara tatu, ndipo akapaka, tabaka jembamba, akaacha siku kadhaa, akapaka jingine. Mimi nilipewa kazi ya kunyunyizia maji na kubadilisha gunia bichi asubuhi na jioni. Siku ya pili nilisahau jioni. Asubuhi kulikuwa na ufa wa unywele, na mzee hakusema kitu, alinipa ndoo tu.

Pale plasta ilipokuwa imedondoka, kwenye kiungo cha chokaa baina ya mawe, alipachika vipande viwili vya mti mgumu. Hivyo ndivyo vitakavyobeba kibao: skrubu za shaba zinaingia kwenye mti, mti umeshikwa na chokaa, jiwe halikuguswa.

Mafuta ya kibao: nilitaka kupaka sifa, kama wanavyopaka majahazi, maana hakuna kinachozuia maji ya bahari kama mafuta ya papa. Ami akauliza kama nauza kofia au nguru. Nimepaka mafuta ya kitani, matabaka manne.

5 Aprili

Kibao kilipanda wiki iliyopita, baada ya alasiri. Baraza lilijaa. Mimi juu ya ngazi, Ami ng'ambo ya njia, mgongo wake umegusa ukuta wa jirani kwa sababu hakuna nafasi ya kurudi nyuma zaidi.

"Yuu. Yuu kidogo. La, tini. Hapo, hapo!"

Hapo palikuwa mita 2.35 kutoka chini. Kijana wa punda alipita kwa makusudi, akainua mkono, akakosa kukigusa kwa kiganja kimoja.

Dada wa hifadhi alikuja kesho yake, akapiga picha, akapitisha kidole ukingoni mwa plasta. Kiraka bado ni cheupe kuliko ukuta. Fundi amesema mwaka mmoja wa jua na vumbi utakifanya kifanane. Nikamuuliza dada habari za ule mwimo. Bado hawajapata nyumba yake, lakini wamekwangua rangi yote, na petali ni nane kweli.

Taa za LED ninazo, anayetaka aje achukue. Bango nimempa binamu yangu anayetengeneza majahazi Matondoni, amelitandika juu ya vigingi vinne liwe kivuli cha mafundi wakati wa kula. Jana nilikwenda kwa mashua nikaliona kutoka mbali majini, nyekundu juu ya manjano, kila herufi inasomeka: KOFIA ZA VITO, USITA WA MUI. Wavuvi wawili wameshafika dukani kuulizia kama Ami amefungua tawi.