Kamba ipewe mzigo

Kwenye tamasha la ufundi wa kale na kazi za shamba, watu wakishaingia getini huelekea moja kwa moja kwa mhunzi. Siwalaumu: kuna cheche, kuna nyundo, kuna chuma chekundu. Mimi niko upande wa pili wa uwanja, kwenye kamba, na sina mpango wa kuhama. Bila kamba fahali hafungwi, ndoo haitoki kisimani, gunia halipandi darini.

Chombo chetu ni ubao wenye kulabu tatu zinazozunguka pamoja kwa mpini mmoja. Mbali kidogo kuna kigari chenye uzito, nacho kina kulabu yake. Katikati tunanyoosha mafungu matatu ya nyuzi za katani. Ukizungusha mpini, kila fungu linajisokota, linakaza, linafupika, na kigari kinaanza kujongea bila kusukumwa na mtu. Hapo ndipo watoto hupiga kelele. Kisha tunapachika kati ya mafungu kipande cha mti kilichochongwa umbo la pia ya kuchezea, chenye mifereji mitatu, ili yasikutane kabla ya wakati. Nyuma ya kipande hicho mafungu yanatafuta kujifungua, na katika kutafuta kujifungua yanazungukana kwa upande wa kinyume. Tayari ni kamba. Haina gundi wala fundo. Kila msokoto unazuiwa na mwenzake unaovuta kwenda kwingine. Jambo hili unaweza kulieleza mpaka jioni na mtu asilielewe, lakini mpe ashike fungu moja kwa viganja vyake, alisikie linavyopigana naye, na huhitaji kusema tena.

Ni ufundi wa zamani mno. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kipande cha uzi kilichopatikana Abri du Maras, Ufaransa, kikiwa kimegandia kwenye zana ya jiwe. Kina urefu wa milimita 6 hivi na umri wa miaka kati ya 41,000 na 52,000, enzi za Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Mafungu matatu ya nyuzi za gome yamesokotwa upande mmoja, kisha yakasokotwa pamoja upande wa pili, vilevile tunavyofanya sisi leo uwanjani.

Kamba ikisokotwa hupungua urefu, kwa kawaida kama theluthi. Ndiyo maana jengo la kusokotea kamba pale Chatham, Uingereza, lina urefu wa mita 346 hivi. Kamba kubwa ya nanga ya meli ya kivita ilifika mita 220, na mafungu yake yalihitaji kunyooshwa yote kwa mstari mmoja, hayakunjwi kona. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 18, na mpaka sasa kamba zinasokotwa humo wageni wakitazama, kisha zinauzwa kwa watu wanaozihitaji kwa kazi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko urefu wa jengo.

Lakini mahali ninapopafikiria zaidi ni Q'eswachaka, Peru. Kuna daraja juu ya mto Apurímac lililotengenezwa kwa kamba za nyasi tupu. Kila mwaka, mwezi Juni, jamii nne za jirani hukutana: kila kaya inaleta kamba nyembamba iliyosokotwa, hizo zinaunganishwa kuwa nene, na nene zinasukwa kuwa nene zaidi, hadi daraja jipya linakamilika na la zamani linaachiwa mto. Kazi hiyo inatambuliwa na UNESCO tangu 2013. Mwaka 2020, wakati wa korona, daraja halikufanywa upya. Machi 2021 likakatika. Juni ileile watu wakakusanyika tena na kulijenga. Waliweza kwa sababu waliokuwa wakilisuka mwaka baada ya mwaka walikuwa bado hai, na walijua kamba ile inapaswa kubeba mtu.

Kwa hiyo ninawaomba waandaaji wa matamasha waache kutuweka nyuma ya uzio. Mavazi ya kale ni mazuri, yananifurahisha, lakini fundi anayesokota kamba mita moja ya maonyesho, akaikunjua, akaanza tena, hafundishi mtu. Sisi tumekubaliana na wenye fahali: kamba ya asubuhi inakwenda kuvuta gogo mchana. Waliozungusha mpini wanafuatana nayo, na nyuso zao ni za watu wenye jambo la kupoteza. Kama fungu moja lilinyooshwa kwa ulegevu, linaonekana palepale. Mawili yanabeba gogo, la tatu limekaa tu. Tunarudi kwenye kulabu, tunazungumza, tunasokota nyingine.

Ukija kwetu, funga nywele na kunja mikono ya shati, kwa maana kulabu hazichagui. Njoo mapema, kabla ya jua kukausha nyuzi, maana katani yenye unyevu kidogo husokoteka vizuri zaidi. Na usiondoke kabla ya gogo.