Nilivyomimina Monte Bello ya mwaka 1995 bila mashapo

Nahudumia mvinyo kwenye mgahawa mmoja San Jose, California, na chupa ninayoiheshimu kuliko zote inatoka milima ya Santa Cruz, jirani yetu kabisa. Ni Monte Bello, mvinyo mwekundu wa kampuni ya Ridge Vineyards. Mizabibu yake imepandwa kati ya mita 400 na 800 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye udongo wa mawe ya chokaa, na baridi ya Pasifiki inaifikia. Zabibu za mlimani namna hiyo huwa ndogo, zenye ganda nene, na gandani ndimo ilimo rangi pamoja na tanini, ile inayokausha ulimi. Ndiyo maana mvinyo huu ukiwa mchanga unabana, ila unakaa miaka na miaka. Ule wa mavuno ya 1971 ulishika nafasi ya tano kati ya mivinyo myekundu iliyoshindanishwa Paris mwaka 1976. Ulipoonjwa tena mwaka 2006, ukawa wa kwanza.

Mzee mmoja alipopiga simu kwamba ana chupa ya 1995, mwaka aliozaliwa binti yake, na wangependa kuinywa kwetu, nilimwomba ailete siku chache kabla. Chupa hulazwa ili kizibo kisikauke, na kwa miaka yote hiyo tanini na rangi hushikana, zikashuka na kutanda ubavuni kama matope. Si kwamba mvinyo umeharibika. Lakini mashapo hayo yakiingia kwenye glasi, unatafuna uchungu tu. Nikaisimamisha chupa pahali penye giza na ubaridi, yatulie chini.

Kizibo ndicho kilichonitia wasiwasi. Cha umri ule kimelegea, na kizibuo cha kawaida, cha msokoto, kingeweza kukitoboa katikati na kukipasua. Nilitumia kile chenye vipande viwili vyembamba vya chuma: unapenyeza kirefu kwanza kati ya kizibo na kioo, kisha kifupi, unavisukuma kwa zamu, kushoto, kulia, hadi mpini ufike mdomoni mwa chupa. Halafu unazungusha huku unavuta taratibu. Kilitoka kizima, kimelowa karibu chote. Nikafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, ndani na nje.

Kumimina kwenyewe hakutaki haraka wala kusita. Niliwasha mshumaa, nikashika chupa ili mwanga upite kwenye shingo yake, nikaanza kumimina kwenye jagi la kioo kwa mkondo mwembamba usiokatika. Ukisita ukaisimamisha chupa, mvinyo unarudi nyuma na kuyatibua yote. Macho yangu hayakuondoka begani mwa chupa. Mwanzo mvinyo ulipita mwekundu, ukingoni una rangi ya tofali. Karibu na mwisho ukatokea uzi mweusi, unasogea kuelekea shingoni. Hapo hapo nikaacha. Kilichobaki chupani hakikufika nusu glasi, na sikuona haja ya kukihurumia.

Nikawamiminia papo hapo, maana mvinyo wa umri huo ukiachwa wazi muda mrefu harufu yake inapotea. Binti alinusa kwanza, akamsogezea baba yake glasi bila kusema kitu. Chupa changa ya Monte Bello naifanyia kinyume: naimimina kwenye jagi saa kadhaa kabla ya wageni kufika, ipigwe na hewa, ule ukali ulegee.